Shule Moja, Makabila Mengi

Karani mmoja wa serikali alihamishwa kutoka Siaya kwenda Nakuru, kama wahamishwavyo watumishi wa serikali siku zote, akaenda pamoja na mke wake na watoto wake watatu. Binti yake mkubwa alikuwa na umri wa miaka tisa. Huko kijijini alikuwa mwanafunzi hodari, na haukupita muhula bila yeye kushika nafasi ya kwanza au ya pili. Kwa hiyo baba yake hakuwa na shaka yo yote kwamba atafanya vema hata katika mji.

Nakuru ni mahali pa watu wa kila namna tangu reli ilipofika huko mwaka 1900. Wako Wakikuyu na Wakalenjin, Waluhya na Wakisii, Wajaluo, Wakamba, Wahindi na wengine wengi, nao hukutana sokoni, katika matatu na katika ofisi. Shule aliyotiwa yule binti ilikuwa hivyo hivyo. Darasa lake lilikuwa na watoto 45, na lugha walizozungumza majumbani mwao zilikuwa tisa.

Muhula wa kwanza haukwisha kabla baba mtu hajaona mabadiliko. Kila Jumatatu asubuhi binti alilalamika kwamba tumbo linamwuma. Daftari zake, ambazo zamani zilikuwa safi, zikaanza kurudi na kazi nusu. Jioni moja nyanya yake alipiga simu kutoka kijijini ili amsalimu, naye akakataa kabisa kusema naye, kwa sababu kulikuwa na watoto wa jirani mlangoni ambao wangemsikia akisema Kijaluo. Halafu siku moja, walipokuwa wakienda shuleni, alimwambia baba yake, “Baba, nataka niitwe kwa jina langu la ubatizo tu. Lile jina jingine usiwaambie watu.”

Ilipita wiki nzima kabla ya sababu kujulikana. Mwalimu wa zamu alikuwa amemwita asome kwa sauti katika kitabu cha Kiswahili, naye akasoma “sule” mahali pa “shule”, na “samba” mahali pa “shamba”. Darasa zima likaangua kicheko, na tangu siku ile wenzake wakampa jina la Sule. Hakuinua mkono tena.

Watu wengi wa Kenya wanaijua sababu ya kosa lile. Lugha ya Kijaluo haina sauti ya “sh”, kama vile Kikuyu kisivyo na sauti ya “l”, hata mzee wa Nyeri akasema “rara” mahali pa “lala”. Wakalenjin nao huchanganya “b” na “p”, kwa maana lugha yao haizitengi sauti hizo mbili. Ulimi huzoea njia uliyofunzwa utotoni, wala jambo hilo halipimi akili ya mtu hata kidogo. Walakini watu wazima hufanya mzaha juu yake kila siku, redioni na katika vilabu, na watoto huwasikia.

Karani alikasirika, na katika hasira yake alifikiri kumhamisha mtoto. Rafiki yake alimwambia habari za shule moja katika mtaa ambao watu wa kwao ni wengi. “Mpeleke huko,” alisema, “akae na wenziwe.” Shauri hilo lilimvuta sana, maana alikuwa na jambo moja moyoni ambalo hakuwahi kumweleza binti yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, yeye akiwa kijana wa miaka 19, nchi ilivurugika. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, na mamia ya maelfu walifukuzwa katika nyumba zao. Nakuru na Naivasha ni miongoni mwa miji iliyoumia sana mwishoni mwa Januari 2008. Baba yake mdogo, aliyekuwa kibarua katika mashamba ya maua ya Naivasha, alirudi kijijini na mfuko mmoja tu mkononi, na kwa muda mrefu hakutaka kusimulia aliyoyaona. Neno moja alilolisema ni kwamba njiani walimwuliza jina lake. Basi binti aliposema kwamba anataka kulificha jina lake, baba hakuona kuwa ni utoto. Alisikia baridi moyoni, akafikiri kwamba labda mtoto ana akili kuliko yeye.

Kabla ya kukata shauri alikwenda nyumbani kumwona baba yake, ambaye naye alikuwa karani mpaka alipostaafu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Kisha, badala ya kujibu, alianza kueleza jinsi watu wa familia yao walivyosoma, kizazi baada ya kizazi.

Babu yake karani alisoma katika shule ya misheni katika miaka ya 1940. Siku hizo serikali ya kikoloni ilikuwa na shule mbalimbali za Wazungu, za Wahindi, za Waarabu na za Waafrika, na hakuna mtoto aliyevuka mpaka huo. Hata Waafrika wenyewe walitengwa bila kutaka, kwa kuwa misheni zilikuwa zimegawana nchi. Waquaker walikuwa Kaimosi tangu 1902. Waadventista walikuwa Gendia tangu 1906. Waskoti walikuwa upande wa Kikuyu. Africa Inland Mission ilikuwa Ukambani na kwa Wakalenjin. Kwa hiyo mtoto alisoma pamoja na watoto wa kabila lake, akasali kwa lugha ya kwao, na kanisa lenyewe likawa kama la kabila. Faida ilikuwako, maana lugha hizo ziliandikwa na kupigwa chapa, na babu aliweza kusoma na kuandika lugha ya mama yake vizuri kuliko mjukuu wake wa leo. Lakini alikufa bila kumjua Mkamba hata mmoja kwa jina. Mahali pa kukutana palikuwa pachache sana. Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilikusanya vijana wa Kijaluo na wa Kiluhya. Na Alliance High School, iliyofunguliwa mwaka 1926, ilichukua vijana kutoka sehemu nyingi za nchi. Uhuru ulipofika mwaka 1963, mawaziri kadha wa kadha wa serikali ya kwanza walikuwa wamesoma Alliance.

Mzee mwenyewe aliingia shuleni mwaka 1965. Mwaka uliotangulia, tume ya elimu iliyoongozwa na Profesa Simeon Ominde ilikuwa imesema kwamba shule za ubaguzi wa rangi ziondolewe, na kwamba kazi moja kubwa ya elimu ni kuwaunganisha watu wa Kenya wawe taifa moja. Hayo yalikuwa maneno mema. Lakini katika shule yake ya kijijini desturi moja ya zamani haikuondoka. Mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mama alifungwa kibao shingoni, akakivaa mpaka amsikie mwenzake akikosa vile vile, ampe yeye. Jioni wote waliokivaa siku hiyo walichapwa. Mzee alikivaa mara nyingi. Kiingereza alikipata, lakini pamoja nacho alijifunza kuwavizia rafiki zake nyuma ya ukuta.

Baadaye, katika miaka ya 1970, alipata nafasi katika mojawapo ya shule chache za bweni zilizochukua wanafunzi kutoka kila mkoa. Kitanda cha kulia kwake alilala kijana wa Machakos, na cha kushoto kijana wa Lamu. Likizo moja alikwenda Machakos na rafiki yake, akala muthokoi kwa mara ya kwanza, akamsikia mama wa rafiki akiomba mvua kwa maneno karibu sawa na ya mama yake. Mkamba yule ndiye aliyesimama naye siku ya kumzika mkewe. “Serikali ilinipa cheti,” alisema mzee, “lakini lile bweni lilinipa ndugu.”

Kisha akamgeukia mwanawe. Kizazi chake yeye karani kilipata jambo moja kubwa. Mwaka 1985, ulipoanza mpango wa 8-4-4, Kiswahili kilifanywa somo la lazima lenye mtihani, na vijana wa Kenya nzima wakapata lugha moja ya kusemezana. Lakini katika miaka ile ile serikali iliamuru kwamba shule nyingi za sekondari zichukue asilimia 85 ya wanafunzi kutoka sehemu zilimo. Shabaha ilikuwa kuwasaidia watoto wa karibu na shule wapate nafasi. Matokeo yake ni kwamba karani alisoma miaka minne, tangu 2003 mpaka 2006, na vijana ambao karibu wote walisema Kijaluo. Alipasi Kiswahili vizuri sana, ila hakuwa na mtu wa kusema naye, maana kila mmoja alielewa lugha ya nyumbani. Mara ya kwanza kuishi katika nyumba moja na mtu wa kabila jingine ni baada ya kuajiriwa.

“Mwanangu,” alisema mzee, “mimi nilifungwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama yangu. Wewe wataka mtoto wako ajifunge mwenyewe? Tena wataka kumrudisha kwa watu wake, kama alivyokaa babu yako kwa sababu hakuwa na njia nyingine?”

Karani alirudi Nakuru akiwa na mawazo mengi. Siku ya pili ofisini, mwenzake wa meza ya pili, ambaye ni Mkikuyu wa Nyandarua, alisema “rakini” katikati ya maneno yake, na makarani wengine wakatazamana wakacheka chini chini. Karani alishtuka kuona kwamba naye anacheka. Alikuwa amecheka hivyo kwa miezi mingi bila kufikiri. Tena alikumbuka kwamba jioni, nyumbani, alikuwa akimwiga mwenzake yule ili kuwafurahisha watoto, na binti yake alikuwa akicheka kuliko wote. Saa ile alitambua kwamba kicheko kilichomwumiza mtoto darasani ni kile kile alichokitia nyumbani mwake kwa mkono wake.

Hakwenda shuleni kushitaki. Alikwenda kuuliza. Mwalimu wa darasa alikuwa mama wa makamo kutoka Ukambani, mwenye miaka mingi katika kazi hiyo. Alieleza shida yake waziwazi. Mtaala mpya, uliojaribiwa mwaka 2017 na kuanza kila mahali mwaka 2019, wataka watoto wa madarasa ya chini wafundishwe kwa lugha ya nyumbani. Lakini mahali palipo na lugha tisa mwalimu hawezi kufanya hivyo, na kwa hiyo shule za mjini hutumia Kiswahili au Kiingereza. Vitabu vya lugha za nyumbani ni vichache. “Lakini,” alisema, “kitabu kimoja ninacho, nacho kina lugha zote tisa.” Akaonyesha daftari la majina.

Wiki iliyofuata aliandika ubaoni majina matano ya kike aliyoyatoa katika daftari lile: Akoth, Nafula, Cherop, Mumbua na Wambura. Akawaomba watoto waende nyumbani wakaulize maana yake. Asubuhi yake wakaja na majibu. Akoth, kwa Wajaluo, ni msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. Nafula, kwa Waluhya, ni wa mvua. Cherop kwa Wakalenjin, na Mumbua kwa Wakamba, ni wa mvua vile vile. Na ndani ya jina Wambura la Wakikuyu mna mvua hiyo hiyo. Darasa likanyamaza. Wasichana watano waliokaa madawati mbalimbali, ambao hawakuwa marafiki, walikuwa na jina moja bila kujua. Binti wa karani alikuwa mmoja wao. Ndilo jina alilokuwa akilificha.

Baada ya majina zilifuata hadithi. Kila mtoto aliagizwa kuleta hadithi moja aliyosimuliwa na mzee wa kwao, aisimulie kwa Kiswahili. Hapo binti alihitaji msaada, na msaada ulikuwa kwa nyanya yake tu. Akaomba simu mwenyewe. Wajaluo wa zamani walikuwa na nyumba iitwayo siwindhe, ambamo mwanamke mzee aliwakusanya watoto jioni akawafundisha hadithi na mafumbo. Na nyanya aliyakumbuka mengi aliyoyasikia kwa mama yake. Akamsimulia habari za Apwoyo, sungura mjanja. Darasani ikaonekana kwamba kila kabila lina sungura wake au mnyama mdogo mwingine mwenye werevu, na kwamba karibu kila kabila lina zimwi lake. Wakikuyu humwita irimu, Wakamba humwita eimu, nalo ni neno la asili moja na zimwi la Waswahili. Wakalenjin wana chemosit, na Waluhya wana linani wao. Watoto walibishana siku nzima ni zimwi la nani linalotisha zaidi.

Yafaa kusema kwamba mwalimu yule hakuacha kusahihisha. Binti aliposema “simo” mahali pa “shimo” alisimamishwa akarudia mpaka akaweza, kwa maana Kiswahili fasaha ni haki yake, naye atakihitaji. Lakini baada ya hapo mwalimu alimwambia awafundishe wenzake kulitamka jina Adhiambo kama linavyotamkwa kwao. Wengi walishindwa na ile “dh” ya Kijaluo, wakatoa ndimi nje kama kondoo wenye kiu, wakajicheka wenyewe. Kicheko hicho hakikumwumiza mtu.

Wako wazazi waliolalamika. Mmoja alisema kwamba kutaja makabila darasani ni kupanda ukabila, na ni afadhali mtoto asijue yeye ni nani, awe Mkenya tu. Mwingine alisema kwamba hadithi za sungura hazimpi mtoto alama. Hayo yastahili kujibiwa kwa heshima. Nchi jirani ya Tanganyika, ambayo baadaye ikawa Tanzania, ilifuata njia karibu na ile ya mzazi wa kwanza: Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule za msingi zote, na vijana wa sekondari wakapelekwa kusoma mbali na kwao. Umoja uliopatikana wasifiwa na watu wengi, nao kwa haki. Lakini lugha za nyumbani ziliachwa nje ya mlango wa shule. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imechagua njia yenye kazi zaidi. Imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na pamoja na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na papo hapo imeiagiza serikali izilinde na kuzikuza lugha nyingine za wananchi.

Tena, shule ikinyamaza juu ya makabila, mtoto hanyamaziwi. Ataambiwa habari za Wajaluo na Wakikuyu katika matatu, katika mikutano ya kura, na mezani kwa baba yake, kama binti wa karani alivyoambiwa. Sheria ya mshikamano wa taifa ya mwaka 2008 yaweza kumwadhibu mtu aenezaye chuki, walakini haiwezi kumfundisha mtoto kumwona jirani yake. Mtoto aliyekwisha kusikia kwa mwenzake mwenyewe maana ya jina lake, na hadithi ya nyanya yake, ana kitu cha kushindana na maneno atakayoyasikia barabarani.

Wala haitoshi kufanya jambo hilo mara moja kwa mwaka. Shule nyingi, siku ya kutoa zawadi, huwavika watoto ngozi na shanga wakacheza ngoma mbele ya wageni. Ngoma ni nzuri. Lakini mtoto aliyevikwa manyoya akapigiwa makofi, kisha kesho yake akachekwa kwa sababu ya ulimi wake, amejifunza kwamba kabila lake ni pambo la sikukuu.

Si mambo yote yaliyotengenea kwa yule binti. Wako watoto wawili watatu ambao mpaka leo humwita Sule. Alama zake zimepanda, ila hajaishika nafasi ya kwanza. Lakini nyanya yake alipokuja Nakuru wakati wa likizo ya Agosti, mtoto hakumficha. Jioni ya pili bibi kizee alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, watoto sita wa jirani wamemzunguka, naye akisimulia kwa Kijaluo pole pole, na mjukuu akiyageuza maneno kwa Kiswahili. Karani aliporudi kutoka kazini alisimama kando ya ukuta akasikiliza. Alisikia “shamba” na “shimo” zikitoka barabara. Na mara moja, kwa haraka ya hadithi, akasikia “samba”. Hakuna aliyecheka, kwa sababu zimwi lilikuwa linakaribia.

Siku iliyofuata, ofisini, karani alimwuliza mwenzake wa Nyandarua maana ya jina lake. Walikuwa wamekaa meza jirani kwa mwaka mmoja na nusu, na hilo lilikuwa swali la kwanza la namna hiyo kati yao. Mwenzake alieleza kwamba kwa desturi ya Wakikuyu mwana wa kwanza huitwa kwa jina la babu yake, baba wa baba, na kwamba babu huyo ndiye aliyemlea. Mazungumzo yakachukua saa nzima ya chakula cha mchana.

Mzazi aliye kijijini, ambaye shule ya mtoto wake ina kabila moja tu, asidhani kwamba habari hii haimhusu. Mwalimu aliyetoka mbali yupo, au daktari, au mfanya biashara sokoni, na mtoto huangalia jinsi wazazi wake wanavyomsema mtu huyo akiisha kuondoka. Wahenga walinena, “Mgeni njoo, mwenyeji apone.” Mtoto wa kabila jingine aingiapo darasani huja na jina, na hadithi, na sauti ambayo wenyeji hawawezi kuitamka. Hiyo ni elimu iliyoletwa mpaka mlangoni bila karo, nayo yangoja tu mwalimu wa kuifungulia, na mzazi asiyeicheka nyumbani.